Mabawa matatu, fedha ya moja

Swali: "Shikamoo fundi. Nafundisha kaiti, ule ubao wa kuvutwa na tiara, hapa Paje, Unguja, nina kilo 78. Foili nimejifunzia kwenye bawa kubwa la shule, na sasa naruka vizuri. Kugeuka upande mmoja naweza bila kuanguka, upande wa pili bado. Kuna mgeni anaondoka mwezi ujao, ana mabawa matatu ya mbele ya kampuni moja na ameniambia nichague moja kwa bei ya kutupa. La kwanza lina eneo la sentimita za mraba 1,750, na toka ncha hadi ncha ni sentimita 93. La pili ni 1,120 kwa 90. La tatu ni 860 kwa 102. Tanga la mkono ninalo moja tu, la mita za mraba 5. Nataka bawa la kila kitu: nitumie kaskazi na kusi, na siku zisizo na upepo nitoke na ubao mtupu, bila tanga, hadi mwambani nikapande mawimbi. Kijiweni wote wanasema la tatu, kwa kuwa ndilo la kisasa. Wewe wasemaje?"

Marahaba, kijana wangu. Chukua la pili. Kama una haraka, acha kusoma hapa ukamwahi mgeni kabla hajaliuza kwa mwingine. Yanayofuata ni ya kukusaidia ukibishana kijiweni.

Tuelewane kwanza majina, maana ufukweni kila mtu ana lake. Foili ni chombo chenye mabawa kinachofungwa chini ya ubao, kikuinue juu ya maji ukishapata kasi. Unachoshika mkononi nitakiita tanga, na bawa nitalitumia kwa kilicho chini ya maji tu. Nguzo inayounganisha ubao na foili ni mlingoti, japo umesimama kichwa chini. Gogo dogo linaloshika mabawa ya mbele na nyuma ni kiwiliwili, na bawa dogo la nyuma ni mkia.

Nguvu ya bawa kukuinua hupanda kwa mraba wa kasi. Ukienda mara mbili ya kasi ya mwanzo, bawa lilelile linabeba mara nne. Ndiyo sababu bawa dogo linaweza kumbeba mtu mzito, mradi aende mbio. Shida yote iko kwenye kuifikia hiyo mbio. Nimekupigia hesabu kwa uzito wako na vyombo vyako, jumla nimeweka kilo 92 (ubao, foili na tanga havipungui kilo 14 vikishalowa). Bawa la kwanza litakuinua ukifika kama kilomita 12 kwa saa, la pili kama 15, la tatu kama 17. Usizichukue namba hizi kama maandiko, kwa sababu unene wa bawa na mkunjo wake huzisogeza juu au chini. Ila tofauti kati ya bawa na bawa itabaki hivyo hivyo.

Utasema kilomita mbili ni nini? Ni nyingi kuliko zinavyosikika. Kabla hujainuka, ubao umelala majini na unaburuta. Kila kilomita unayoongeza hapo unailipia kwa mikono na tanga. Na ukiwa umefika 15, kasi inayotosha kwa bawa la pili, lile la tatu linakuwa linabeba kama kilo 70 tu kati ya zile 92. Kilo 22 zilizobaki bado zimekalia ubao. Kwa tanga la mita 5, siku ya kaskazi ya upepo wa kilomita 22 kwa saa, hapo ndipo mtu hupampu, yaani husukuma tanga na ubao juu na chini ili ainuke, mpaka mabega yakawaka, wenzake wakimpita wakiwa wamesimama wima.

Hilo limenipata mwenyewe, tena huku Diani, pwani ya Kenya. Nilinunua bawa jembamba la eneo dogo kwa sababu nililiona likimpeleka mtu kama mshale siku ya kusi kali. Siku hiyo ilikuwa ya Julai. Nililipata mwishoni mwa Oktoba, msimu wa tanga mbili umeshaingia, kati ya kusi na kaskazi, upepo hauna mwenyewe. Wiki kadhaa nilikaa juu ya ubao kama mvuvi aliyesahau ndoana nyumbani. Bawa halikuwa na kosa lolote.

Sasa njoo kwenye mawimbi, kwa sababu hapa ndipo kijiwe chenu kinapopotea kabisa. Wimbi likiingia kwenye maji ya kina kifupi, kasi yake hushikwa na kina. Penye mita 1 ya maji huenda kama kilomita 11 kwa saa; penye mita 1.5, kama 14. Penye mita 2, kama 16. Fikiria mwamba wenu ulivyo. Ukitoka na ubao mtupu maji yakiwa yanajaa, wimbi unalolikuta juu ya mwamba linatembea kati ya 14 na 16. Bawa la pili linainuka kwa 15, hata chini kidogo kwa kuwa siku hiyo hukubeba tanga. Unapiga makasia ya mikono, wimbi linakusukuma mgongoni, unasimama na ubao unaachana na maji. La tatu linasubiri 17, na wimbi halina hiyo 17 ya kukupa. Utalipata siku moja moja, wimbi likiwa kubwa na maji yamejaa sana. Siku nyingine utakuwa mtazamaji.

Video mnazotazama kijiweni, nyingi zimepigwa Maui, kisiwa cha Hawaii. Kule wanashuka na upepo toka Maliko hadi bandari ya Kahului, nje kabisa, kwenye maji marefu. Wimbi la bahari kuu lenye sekunde 6 toka kilele hadi kilele linatembea karibu kilomita 34 kwa saa. Kwa mtu anayefukuza kitu cha kasi hiyo, bawa la 1,750 ni kama kuvuta nanga, na lile la 860 ndilo hasa analolihitaji. Ndani ya mwamba wa Paje viwimbi vya upepo vina sekunde mbili hivi, vinatembea kama kilomita 11. Ni maji mengine kabisa. Aliyeko Maui hakudanganyi. Anazungumzia bahari yake.

Kwa hiyo ukiulizwa umechagua kwa kigezo gani, sema umechagua kwa kasi ya maji uliyonayo. Uzito wako unakuja wa pili, na usasa wa bawa hauna nafasi kwenye hesabu hii.

Kuna namba moja ambayo mgeni hakukuambia lakini unaweza kuitoa mwenyewe. Chukua urefu wa ncha hadi ncha, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa eneo. La kwanza: 93 mara 93 gawa kwa 1,750, unapata karibu 5. La pili linatoka kama 7. La tatu, 12. Huu ndio uwiano wa bawa, na unakueleza tabia yake kuliko eneo peke yake. Uwiano mdogo maana yake bawa ni pana mbele kwenda nyuma, kama jani la mkungu. Ukikosea kidogo mguu, linakusamehe. Ukipunguza mwendo, linaendelea kukushika. Ila linaburuta maji, na ukiacha kupampu linasimama mapema. Uwiano mkubwa ni kama makasi: linateleza mbali, linapenda kupiga bisho, yaani kupanda kinyume cha upepo, na pampu moja inakupeleka hatua nyingi. Lakini likipungua mwendo chini ya kiwango chake halikuagi. Linakufa ghafla, na wewe unakwenda nalo.

La kazi zote, kwa maoni yangu, liko kati ya 6.5 na 8.5. Wapo walimu watakaokwambia hadi 10, na kwa mpandaji aliyekomaa sitawapinga. Wewe bado unageuka upande mmoja.

Tena kuhusu kugeuka, angalia kitu cha ajabu kwenye mabawa yako matatu: lile dogo kuliko yote kwa eneo ndilo refu kuliko yote toka ncha hadi ncha. Sema mlingoti wako ni wa sentimita 75, na unaruka huku 25 ziko juu ya maji na 50 ndani. Ukilala kwenye kona nusu ya pembe mraba, kiwiliwili chako kinabaki kina cha sentimita 35 tu. Nusu ya bawa la tatu, toka katikati hadi ncha, ni sentimita 51. Ncha yake ya juu inapanda 36. Imeshatoka nje ya maji. Hapo bawa linaweza kunyonya hewa, na ukiwa bado mgeni wa jambo hilo utajikuta umegongwa na ubao kichwani. Bawa la pili ncha yake inapanda 32, bado ina vidole viwili vya maji juu yake. Ni kidogo sana, lakini ndiyo tofauti ya kumaliza kona na kuogelea. Wenye mabawa marefu hujifunza kuruka chini zaidi wanapogeuka, na wengine huachia ncha itoke makusudi bila hofu, kwa sababu mabawa mapya mengi yanavumilia. Utafika huko.

La kwanza je? Usilidharau. Kama ungekuwa na kilo 100, au ungekuwa unanunua la kufundishia wageni, ningekwambia ulichukue. Kwako wewe litakuchosha ndani ya msimu mmoja. Kusi ya Julai ikipiga kilomita 35 kwa saa, bawa hilo litataka kupanda tu. Utakuwa umelalia mguu wa mbele mchana kutwa ukilizuia lisikurushe nje, paja linatetemeka. Wimbini ni hivyo hivyo: likishika kasi linakuwa kama punda aliyekataa kamba.

La pili nalo lina yake. Halitakupa raha ya kupampu toka wimbi hadi wimbi kama wale wa mabawa ya uwiano wa 12. Labda utarudi nje mara moja ukiwa na pumzi nzuri, basi. Kwenye kupiga bisho, mwenye bawa jembamba na ujuzi sawa na wako atakupita upande wa joshi, upepo unakotoka. Na siku ya upepo wa kilomita 18, tanga la mita 5 halitakutoa kwa bawa hilo, hilo ni suala la tanga. Fedha ikibaki, tafuta tanga la mita 6 kabla hujafikiria bawa jingine.

Utumiaji wa kazi zote unatokana pia na vitu vidogo ambavyo watu hawavigusi. Mkia ni wa kwanza. Mkia mkubwa, wa sentimita za mraba 230 au 250, unatuliza. Mdogo wa 180 hivi unalegeza kona na kuongeza kasi. Bawa la pili lenye mikia miwili ni karibu sawa na mabawa mawili, na mkia una bei ndogo sana ukilinganisha. Muulize mgeni kama anao wa ziada. Mara nyingi upo chini ya begi na ameusahau. Kitu cha pili ni mahali pa mlingoti kwenye reli za ubao. Ukihama toka bawa kubwa la shule kwenda 1,120, utahisi ubao hautaki kuinua pua. Usilaumu bawa. Sogeza mlingoti mbele sentimita moja, jaribu, kisha nyingine. Ukiona mguu wa mbele unachoka, rudisha nyuma. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito ukishapata mahali pake, maana siku ya kufungua na kufunga utasahau.

Kabla ya kutoa fedha, soma namba ya kiwiliwili na uhakikishe ni cha kizazi kilekile. Kampuni moja inaweza kubadilisha maungio baada ya miaka michache, na bawa la zamani lisikubali kiwiliwili kipya. Kampuni na kampuni ndiyo kabisa, haziingiliani. Na usiamini namba iliyochorwa juu ya bawa mpaka ujue inahesabu nini. Armstrong wanaandika eneo kwa sentimita za mraba. Axis wanaandika urefu wa ncha hadi ncha kwa milimita, kwa hiyo 999 yao si eneo la 999. Lift wamezoea inchi za mraba. 170 yao ni karibu sentimita za mraba 1,100. Nimeona watu wazima wakibishana saa nzima kuhusu bawa gani kubwa, kumbe mmoja anasoma futi na mwenzake anasoma uzito, kwa mfano wa kusema.

Kagua hivi. Lishike bawa likiwa limefungwa kwenye kiwiliwili, lisukume ncha juu na chini. Likicheza, hata kidogo, angalia maungio. Mchezo wa milimita moja pale unakuwa mtikisiko mkubwa ukiwa kasini, na kaboni iliyoliwa pale haitengenezeki vizuri na fundi wa ufukweni, mimi nikiwemo. Pitisha ukucha ukingo wa mbele. Vijishimo vya matumbawe si ugonjwa: jaza kwa gundi ya epoksi, piga msasa wa maji namba 400 halafu 600, imekwisha. Ufa ulioanza karibu na tundu la skrubu ni jambo jingine, liache. Kisha mwambie afungue skrubu zote mbele yako. Hapa uvumilie, hata akisema ana haraka ya boti. Chuma cha skrubu kikikaa na alumini kwenye chumvi, alumini huliwa na viwili hivyo hushikana, na skrubu iliyokatikia ndani itakugharimu kiwiliwili kizima. Zikifunguka kwa bisibisi ya kichwa cha nyota bila kulia, umepata chombo cha mtu mwangalifu. Wewe nawe uendelee hivyo: maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, fungua angalau mara moja kwa wiki, paka grisi kabla ya kufunga.

Kujaribu, lijaribu siku ya upepo wa kawaida, usingoje siku nzuri. Siku za bamvua kwenu maji hukauka asubuhi na kujaa alasiri, upepo ukiwa umeshapata nguvu, na tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4. Alasiri hizo ndizo za kujaribia. Kwa mlingoti wa 75 usianze kuruka kabla maji hayajafika kifuani. Mwamba hauoni haya kula bawa la watu. Mwambani kwenye mawimbi usiende peke yako siku ya kwanza, na vaa kofia ngumu hata wakikucheka. Foili ikija nyuma yako ndani ya povu haichagui.

Na mwani. Wanaokuja na mabawa yao toka Ulaya hawaujui. Majani ya bahari yanayoelea wakati wa kusi yananasa kwenye ukingo wa mbele, na bawa lililonyooka kama rula linayashika zaidi kuliko lililopinda kwenda nyuma. Utajua kwa kuwa ghafla unaburuta bila sababu. Shuka, yavute, panda tena. Lakini kuna mwani wa watu. Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima tangu 1989, kamba zao zimefungwa kwenye vijiti, na maji yakijaa huzioni. Kaiti hupita juu ya kamba ukiwa na bahati. Foili haipiti, inakata. Nenda maji yakiwa yamekupwa, tembea kwa miguu, uone mashamba yanaanzia wapi na yanaishia wapi, uweke alama yako ya nchi kavu, mnazi au paa fulani.

Kwa wengine watakaosoma hapa na hawana kilo 78: hesabu hiyohiyo, uwiano huohuo wa 7, mwenye kilo 60 atafute eneo la karibu 900, mwenye kilo 95 karibu 1,330. Mkikuta bawa linalopishana na hapo kwa 50 hivi, msiliache kwa sababu hiyo.

Mgeni akikushawishi uchukue la tatu kwa bei nafuu zaidi ya la pili, na inawezekana kwa sababu mabawa hayo hayana wanunuzi wengi huku, kataa kwa sasa lakini muombe namba ya kiwiliwili chake uiandike. Ukishageuka pande zote mbili bila kufikiri, kusi ya mwaka kesho, niandikie tena.